Tupeane uzoefu: nani hapa Texas aliahirishiwa hukumu mpaka kesi ikafutwa?

Wakuu, naanza mimi. Nilishikwa kwa spidi, maili 52 kwenye barabara ya 40. Dirishani pale mahakama ya jiji karani akaniambia naweza kuomba hukumu iahirishwe. Unakubali kosa, au unasema hupingi mashtaka, hakimu anaiweka hukumu pembeni, mwisho siku 180. Unalipa gharama za mahakama, hufanyi kosa jingine, muda ukiisha kesi inafutwa. Ni kwa makosa madogo ya faini tu. Miezi mitatu niliendesha kama nimepakia trei za mayai. Ikafutwa, bima haikupanda. Leteni zenu.

Dereva wa Lori: Bahati yako mkuu. Mimi nilishikwa na kigari cha mke wangu, nimetoka kumchukua mtoto shule, nikajua lori halihusiki hapo. Karani kutupia jicho leseni yangu tu, fomu ikarudi. Mwenye leseni ya kuendesha magari ya biashara hapewi hiyo kwa makosa ya mwendo barabarani, hata uwe unaendesha nini. Nikalipa faini kimya kimya, na kazini wakaiona mwezi uleule.

Binti Kilifi: Nilikuwa na miaka 22. Ukiwa chini ya 25, kwa kosa la barabarani wanakulazimisha kozi ya udereva salama. Nikaisoma usiku mtandaoni, cheti nikakitupa kwenye droo. Kumbe kilitakiwa kifike mahakamani! Nikaitwa nikajieleze kwa nini nisihukumiwe. Hakimu alikisoma kile cheti mpaka nyuma, ambako hapakuandikwa kitu, ndipo akaifuta.

Mama Furaha: Wandugu, yangu si ya gari. Nilishitakiwa kuiba mafuta ya kujipaka dukani, dola 18. Wizi wa chini ya dola 100 huku nao ni kosa la faini. Kizungu changu kilikuwa kidogo, nikaambiwa sema ndiyo, itaisha. Ikaisha kweli, nikaomba na rekodi ifutwe kabisa. Sasa naomba uraia, fomu inauliza kila kesi, hata iliyofutwa. Afisa anataka karatasi ya mahakama yenye muhuri. Narudi kwa karani, ananiambia mama, jina lako halipo humu.

Mwanzisha mada: Pole sana mama. Hukuwa na nakala hata moja?

Mama Furaha: Moja, kwenye simu, tena imekatika chini penye muhuri. Wakili wa uhamiaji akanisikitisha zaidi: kwa uhamiaji, ukikubali kosa mbele ya hakimu na ukapewa masharti, wanaweza kukuhesabu umetiwa hatiani, ijapokuwa Texas imekufutia. Ameniambia nisifiche neno. Amemwandikia wakili aliyenifutia rekodi, labda faili lake bado analo. Tunangoja.

Dereva wa Lori: Binti Kilifi, nenda kachukue nakala yako yenye muhuri leo hii.

Binti Kilifi: Niko kwenye foleni.