Printa gani ya nyumbani haitanifunga kwa wino wa kampuni?

Mwalimu wa Kondele
Habari za jioni wadau. Ni mwalimu wa msingi hapa Kisumu. Kila Jumapili usiku nachapisha mazoezi ya darasa langu, kurasa 40 hivi. Mwaka jana nilinunua printa ya wino ya bei nafuu. Katriji zilizokuja nayo zikaisha upesi, na mpya zilikaribia bei ya printa yenyewe, basi nikaweka mbadala. Zilichapa vizuri wiki tatu. Juzi nikaiunganisha na waifai, ikajisasisha, na kesho yake ikakataa: katriji haitambuliki. Wino ni ule ule uliochapa jana yake! Watoto walifika asubuhi nami sina karatasi ya kuwapa. Imeniuma sana. Safari hii nataka printa ambayo nikishailipia ni yangu. Ya tangi au ya leza?

Fundi, Nakuru
Pole sana mwalimu. Katriji zako ni nzima. Toa moja uitazame: ina chipu ndogo kuliko ukucha, yenye vidoti vya rangi ya dhahabu. Printa huisoma kabla ya kuchapa, na sasisho limeifunza kuikataa.

Chukua ya tangi, kama Epson L3250 au Canon za familia ya G. Wino unaumimina mwenyewe kutoka kwenye chupa, hakuna chipu ya kuulizwa. Chapisha hata ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, la sivyo wino hukauka kwenye kichwa cha kuchapia. Tena ujue ndani kuna sponji inayonyonya wino unaotumika kusafisha kichwa hicho, na printa huuhesabu. Hesabu hiyo ikifika kikomo, printa husimama mpaka fundi aishughulikie.

Ukiona HP yenye herufi e mwishoni mwa jina la modeli, soma boksi lote. Ukijiunga na mpango wa HP+, printa itadai wino wao na intaneti siku zote.

Mama Pacha, Kakamega
Mimi natumia leza inayochapa rangi nyeusi tu. Tona ni poda, haikauki hata ukisafiri likizo nzima. Ila uliza kwanza kama tona ina chipu, maana nyingi siku hizi zinayo. Na kama unategemea inverta ndogo stima ikipotea, leza haikufai: ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi mno.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Lexmark, kampuni ya printa, kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi kutumia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kumzuia mtu kuijaza upya. Uamuzi ule haukugusa chipu, ndiyo maana tunahangaika hadi leo.

Mwalimu wa Kondele
Asanteni mno. Stima ya huku haitabiriki, kwa hiyo ni tangi. Jumamosi naenda Oginga Odinga Street, nami sitoi pesa kabla muuzaji hajanionyesha chupa ya wino na bei yake. Nitachapisha kwa waya wa USB, waifai haitaigusa.