Rampu ya mlangoni na mlango wa bafu: naomba ushauri

Habari zenu ndugu. Mama sasa anatumia kiti cha magurudumu, na mlango wa mbele una ngazi tatu, kimo chake sentimita 45. Kwa kipimo cha 1 kwa 12 (kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu), rampu itahitaji mita 5.4, mimi nina mita 3 tu. Tumejaribu kuegesha mbao, lakini ni mwinuko mkali: msukumaji anahema, mama kang'ang'ania mikono ya kiti. Bafuni nako mlango unafungukia ndani, kiti kikiingia haufungiki tena (faragha ndiyo inayomuumiza zaidi).

Je, rampu nikiikata kona, pale pa kugeuzia pawe na upana gani? Na mlango wa bafu, niugeuze ufungukie nje au niweke wa kuslaidi? Ukuta wa pembeni una swichi.