Bibi anachora kuta za tembe huku Bahi, nianzie wapi kuhifadhi kazi zake?

mtu_wa_bahi: Mbukwenyi wakuu. Kijijini kwetu kuna bibi hajasoma sanaa popote, ila kuta za tembe lake zote ni michoro, ng'ombe, mibuyu, watu wako ngomani, hadi treni. Anatumia mkaa, majivu na udongo wa rangi rangi. Mvua za Desemba zikianza ukuta unalowa, michoro inaondoka, yeye anakandika upya anachora vingine, miaka nenda rudi na hakuna aliyetunza hata kimoja, inaniuma sana. Nina simu tu. Jamaa kanishauri nipake vanishi, ni sawa?

kolo_juu: Vanishi usiguse kabisa mkuu! Ukuta wa udongo unapumua, ukiuziba unyevu unabaki ndani na ngozi ya juu inabanduka na mchoro wake. Na usimwagie maji eti rangi zikolee. Piga picha asubuhi ukuta ukiwa kivulini, simama nao usawa, weka rula pembeni, ukuta mzima kwanza afu vipande vipande vinavyopishana kidogo. Jua likija la ubavu rudia, hapo utaona mpaka alama za vidole vyake.

mama_zabibu: Picha sawa, ila mwanangu rekodi sauti. Michoro ya miambani ya Kondoa, mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili 1951, UNESCO wakaiweka urithi wa dunia 2006, lakini walioichora hawapo wa kuulizwa walimaanisha nini. Bibi yupo! Mwache aongee Kigogo chake, aanzie ukuta anaotaka yeye, usimlishe maneno. Treni ile aliiona lini, na nani?

fundi_rangi: Naongezea, kila picha iandikie jina la bibi na tarehe. Mchoraji Edward Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 hivi, akafariki 1972, leo picha za watu kibao zinaitwa tingatinga na mchoraji mwenyewe humjui. Hakimiliki ni ya bibi, maisha yake yote na miaka 50 baadae, kwahiyo kabla hujarusha chochote mtandaoni muulize, na wajukuu wasikie anavyojibu.

mtu_wa_bahi: Asanteni sana wakuu. Nimeongea nae, sauti kakubali, kuta kakubali, uso wake hataki upigwe. Kesho naanza na ukuta unaopigwa na mvua, huo ndo unatangulia kwenda.