Simpendi Adili hata kidogo, lakini kitabu hakinitoki mkononi

Mama Swaumu, Tanga:
Habari za jioni, wapenzi wa vitabu. Namsomea binti yangu "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert, ile ya 1952, kidogo kidogo baada ya chakula cha usiku. Jamani, Adili ananiudhi! Nduguze, Hasidi na Mwivu, wanatapanya mali, wanarudi mikono mitupu, naye anawagawia ya kwake. Kisha anasafiri nao tena baharini. Wema gani huo usio na macho? Na wale wawili roho mbaya mwanzo mwisho, mpaka unachoka nao.

Lakini usiku ule Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anapochungulia kule Janibu! Anamwona mwenyeji wake Adili, liwali anayesifiwa kila kona kwa upole, akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Kwa nini? Hatuambiwi bado. Nilitaka kufunga kitabu tulale, binti akaweka kidole katikati ya kurasa. Tena kuna ule mji ambao watu wake wamegeuka mawe.

Sasa nauliza: inakuwaje hadithi inikamate hivi na wenye hadithi siwapendi?

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, Shaaban Robert alichota kwenye ngano, na kisa hiki kina undugu na kimoja cha Alfu Lela Ulela. Katika ngano humfuati mtu kwa tabia yake, unafuata yanayomkuta. Angalia na ufundi wake: fimbo tunaiona kwanza, sababu inakuja nyuma. Angeanza na utoto wa Adili, mtoto mwema mwenye adabu, tungesinzia.

Kijana wa Likoni:
Shikamoo mwalimu, lakini hapo sikubali. "Kusadikika", kitabu kingine cha Shaaban Robert, nayo imejaa mambo ya ajabu, nchi yenyewe inaelea angani, na bado Karama nilimpenda. Siku sita anajitetea barazani na shingo yake iko hatarini. Adili yeye hata hasira hana. Mtu asiyekasirika akitupwa baharini na nduguze, nimshike wapi?

Mama Swaumu, Tanga:
Asante mwalimu, shikamoo. Na wewe Kijana, umenigusa penyewe. Pale kwenye mjeledi ndipo pekee nilipomwamini Adili. Yule jini Huria ndiye aliyewageuza nduguze manyani, akamwamuru awapige kila usiku, naye anapiga huku moyo unamuuma. Mtu mwema kulazimishwa kuwa mkatili kwa damu yake! Ukurasa ule ningeusoma hata mara mia, na kwingine kote anisamehe.

Mwisho wanarudi kuwa watu, wanatubu. Binti yangu amekasirika, anasema wangebaki manyani. Nyie mlionaje?

Kijana wa Likoni:
Mimi niko na binti.