Pedali ya wawa, mfukoni nina dola 60

Solo wa Katuba

Jambo zenu wakubwa. Napiga gitaa la solo kwenye korali yetu hapa Katuba, Lubumbashi, huu mwaka wa tano. Tuna wimbo wa sifa wenye sebene ndefu, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, na waimbaji wanapoitikia natamani gitaa nalo liitikie kama mtu, kwa mdomo unaofunguka na kufumba. Bila wawa, ile pedali ya mguu inayofanya gitaa liseme "wa-wa", siipati sauti hiyo.

Nimeona mbili. Moja ni Cry Baby GCP95 ya Dunlop, imetumika, ilipitia mpaka wa Kasumbalesa ikitoka Afrika Kusini. Mwenyewe anataka dola 70, na ukiikanyaga inakwaruza: khrrr, khrrr. Nyingine ni mpya, ya plastiki, jina lake sijawahi kulisikia, dola 35, na imetulia kabisa. Shida ni kwamba mwaka jana nilinunua moja ya namna hiyo. Mwezi wa nane, vumbi jekundu likiwa limejaa kila mahali, ikanyamaza. Fundi alipotaka kuifungua akakuta imegundishwa kwa gundi. Zile pesa nilizikusanya kwa miezi minne, bado naziumia.

Halafu kanisani umeme hukatika. Hizi zinakubali betri?

Papa Fundi, Kamalondo

Mwanangu, chukua hiyo inayokwaruza.

Nakueleza kwa nini. Ndani ya Cry Baby kuna fimbo ya meno. Ukikanyaga, fimbo inashuka na kuzungusha potensiometa ya kilo-omu 100, sawa na kitufe cha sauti cha redio, ila hiki kinazungushwa na mguu. Vumbi likiingia humo, lazima ikwaruze. Geuza pedali, fungua miguu minne ya mpira kwa bisibisi, bamba la chini linatoka. Puliza ile dawa ya mafundi redio ya kusafishia potensiometa (usitie mafuta ya kulainishia bawaba, tafadhali), kisha kanyaga mara thelathini au arobaini. Mara nyingi inanyamaza hapo hapo. Isiponyamaza, potensiometa inabadilishwa; ni kulehemu nyaya tatu tu. Wakati wa kurudisha gurudumu la meno la potensiometa, hakikisha limekaa mahali lilipokuwa, maana likiruka meno mawili matatu utapata "wa" isiyofunguka mpaka mwisho, na utadhani umeiua.

Kwa hiyo mkwaruzo ndio utakaokushushia bei. Usimwambie muuzaji kwamba unaujua ugonjwa, lakini pia usimdanganye. Mwambie tu kwamba inakwaruza na utalazimika kuipeleka kwa fundi. Vitu vya kukaguliwa ni vingine. Shika kikanyagio ukitikise kushoto na kulia: kikicheza sana, ekseli imekwisha. Bonyeza kwa ncha ya kiatu mpaka usikie swichi ikisema "ka". Kisha piga uzi mmoja huku ukikanyaga polepole. Ukisikia vokali ikitembea, "u" ikienda kwenye "a", koili, ule waya uliozungushwa unaotoa hiyo vokali, iko hai. Ukisikia mabadiliko madogo tu bila vokali, iache, hata kwa dola 20.

Besi Ruashi

Heshima yako Papa, ila mimi ningekwepa potensiometa kabisa. Kuna wawa zinazotumia mwanga: taa ndogo, kihisi, na kikanyagio kinapunguza au kuongeza mwanga katikati. Hakuna kinachosuguana, basi hakuna mkwaruzo. Morley zimejulikana kwa hilo miaka mingi, na Behringer Hellbabe ni ya bei ya chini, ingawa mwili wake ni plastiki. Kama unaweza kusubiri, tafuta Zoom G1X Four iliyotumika. Ina kikanyagio, ina wawa na athari nyingine nyingi, na inakwenda kwa betri nne ndogo za AA au kwa USB ya pawabenki. Umeme ukatike, wewe unaendelea.

Papa Fundi, Kamalondo

Zoom ni nzuri, sikatai. Lakini ikifa, hapa nani ataifungua? Cry Baby naifungua mimi.

Yaya wa Kampemba

Mdogo wangu, kuhusu umeme: GCP95 inatumia betri moja ya volti 9, ile ya mraba. Ibada ikiisha chomoa kebo ya gitaa kwenye pedali, kwa sababu kebo ikibaki humo betri inaendelea kuliwa hata kama umeizima kwa mguu. Ukitaka adapta, iwe ya volti 9 na hasi iwe katikati ya ncha yake ya kuchomeka. Usiazime adapta ya kinanda cha kanisa! Za vinanda vingi vya Yamaha ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Nimeona pedali ikiuawa hivyo Jumapili asubuhi.

Na mguu wako, uulee. Sebene inakimbia, ukikanyaga kwa kila noti sauti inakuwa kelele, na waimbaji wanafunikwa. Mimi nasimamisha kikanyagio katikati, napiga hivyo mizunguko miwili, kisha nakifungua polepole pale sauti ya kwanza inapopanda. Hapo ndipo watu wanageuka kutazama. Kama una pedali ya kuchafua sauti, wawa itangulie, ikae upande wa gitaa.

Solo wa Katuba

Wakubwa, nimerudi. Kikanyagio hakichezi, vokali ipo, tukakubaliana dola 52. Jana jioni niliifungua: vumbi jekundu lilikuwa limelala kwenye meno kama pilipili ya kusaga. Nimepuliza, nimekanyaga mara hamsini nikihesabu. Imebaki "kh" moja ndogo kabisa upande wa kisigino.

Papa, hiyo niivumilie, au nikuletee Kamalondo Jumamosi?

Papa Fundi, Kamalondo

Ilete. Na uje na gitaa.