Kupiga kambi Mikumi na watoto wa miaka 7 na 3: tujiandae vipi kwa usiku?

Mama Tumaini, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunapanga kuwapeleka watoto wetu wawili katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi wakati wa likizo ya mwezi Juni, na tungependa kulala kwenye hema katika kambi ya umma iliyo ndani ya hifadhi badala ya kupanga vyumba mjini. Mkubwa ana miaka 7 na amekuwa akiulizia simba tangu walipofundishwa habari za wanyamapori darasani. Mdogo ana miaka 3, na bado huamka usiku kutaka kujisaidia. Tutakuwa pia na mama mkwe wangu, ambaye kwa umri wake bado ana nguvu, isipokuwa magoti humsumbua.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba nimeelezwa kuwa kambi hizo hazina uzio na kwamba wanyama hupita humo usiku. Naomba waliowahi kwenda na watoto wadogo wanieleze kwa uwazi: je, miaka 3 ni mapema mno kwa mtoto kulala kwenye hema porini? Mtoto akiamka saa nane za usiku mnafanyaje? Na chakula kinatunzwa wapi ili kisiwavute wanyama?

Baba Neema, Morogoro

Karibuni sana Morogoro, Mama Tumaini. Kwanza niseme kwamba mwezi mmeuchagua vizuri. Mvua za masika zinakuwa zimekwisha, udongo mweusi wa uwanda wa Mkata ambao hunasa magari wakati wa mvua unakuwa umekauka, na kadiri nyasi zinavyopungua ndivyo pundamilia, nyumbu, twiga na tembo wanavyoonekana kwa urahisi kutoka barabarani. Usiku wa Juni una baridi kuliko mnavyozoea Dar es Salaam, kwa hiyo wachukulieni watoto sweta, soksi na mablanketi mazito, na msilaze mtu chini bila godoro.

Kuhusu umri, kwa maoni yangu mtoto wa miaka 3 anaweza kulala kwenye hema bila tatizo, mradi wazazi wakubali kwamba safari itaendeshwa kwa uwezo wake na si kwa hamu yao ya kuona kila kitu. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, lakini nyinyi hamna haja ya kuvuka uwanda wa Mkata. Tokeni saa 12 alfajiri, rudini kambini saa 3 au saa 4 kabla jua halijawa kali, watoto wale na walale mchana, kisha mtoke tena saa 10 jioni. Dimbwi la viboko haliko mbali na lango, na mtoto anaweza kukaa pale muda mrefu akiwatazama wanavyozama na kuibuka, wakati barabarani angekwisha kuchoka na kuanza kulia.

Sasa usiku. Chukueni poti ya mtoto na muiweke ndani ya hema, na mama mkwe pia atengewe ndoo yenye kifuniko, maana si haki kumtembeza mtu mwenye magoti mabovu gizani hadi chooni. Kanuni ya nyumba iwe kwamba hakuna mtoto anayefungua zipu ya hema, hata akisikia nini. Mtu mzima akilazimika kutoka, amwamshe mwenzake, afungue zipu kidogo, amulike kurunzi polepole pande zote akitafuta macho yanayong'aa, na akiona macho abaki ndani. Gari liegeshwe karibu kabisa na mlango wa hema, na funguo zikae mahali ambapo watu wazima wote wanapafahamu.

Pia waandaeni watoto kwa sauti. Ngurumo ya simba husikika hata kilomita 8 katika usiku uliotulia, na fisi hulia kwa namna inayoweza kumtisha hata mtu mzima asiyeizoea. Mtoto aliyeelezwa mchana kwamba atasikia sauti hizo, na kwamba hema likifungwa vizuri wanyama hulipita, huzipokea tofauti kabisa na aliyeshtukizwa.

Mwalimu Zuhura, Tanga

Naheshimu maelezo ya Baba Neema, lakini kuhusu mtoto wa miaka 3 naomba nitofautiane naye. Saa ya hatari, kwa maoni yangu, si ile ambayo watu wamekwisha kujifungia ndani ya hema. Ni ile ya magharibi, kati ya saa 12 na saa 2 usiku, wakati mama anapakua chakula, baba anafunga kamba za hema, na kila mmoja anaamini kwamba mtoto yuko kwa mwenzake. Chui na fisi huanza kutembea wakati huohuo, na kiumbe mdogo anayekimbia peke yake pembezoni mwa mwanga ndiye anayewavutia. Mtoto wa miaka 7 ukimwambia asivuke mstari uliochora ardhini atakuelewa, lakini wa miaka 3 atakuitikia kisha atoke mbio kufuata kipepeo.

Mimi ningeshauri mchukue malazi ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, yaliyo humohumo hifadhini kwa ajili ya bibi na mjukuu mdogo, kisha baba na mkubwa walale kwenye hema. Ikiwa mtaamua kulala wote kambini, basi mteueni mtu mzima mmoja ambaye kuanzia jua linapozama hana kazi nyingine yoyote isipokuwa kumshika mtoto mkono. Asipike, asioshe vyombo, asishike simu. Chakula cha jioni kiliwe mapema, kungali na mwanga, ili saa 1 usiku watoto wawe wamekwisha kuingia ndani.

Muuguzi, Iringa

Nitajikita katika afya tu. Mikumi ina mbu wa malaria, na mbu hao huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, hivyo watoto wavae mikono mirefu na suruali mara jua linapoanza kushuka, na ndani ya hema watandikiwe chandarua chenye dawa ikiwa hema lenyewe halina wavu mzuri. Mtoto akipata homa baada ya safari, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo, na mwelezeni mtoa huduma kwamba mlikuwa Mikumi. Kumbukeni kwamba malaria huchukua takriban wiki moja au zaidi kujitokeza baada ya mtu kuumwa na mbu, kwa hiyo mtoto kuwa mzima siku mbili baada ya kurudi si sababu ya kuacha kumwangalia.

Wakati wa mchana kuna mbung'o, ambao huumiza na hupenya nguo nyepesi. Huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, na pia na gari linalotembea. Wavisheni watoto kaki, kijani kilichofifia au rangi ya udongo, na sare za shule za buluu zibaki nyumbani. Mkipita sehemu yenye vichaka ambako wanaanza kuingia, pandisheni vioo hadi mtoke.

Kwenye sanduku la dawa wekeni kipimajoto, dawa ya homa kwa kipimo cha umri wa kila mtoto, na pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini mtu akiharisha, pamoja na chupa yenye alama ya lita ili msikadirie maji kwa macho. Viatu vya kila mtu vilale ndani ya hema na vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ya nge. Ikitokea mtu ameumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, wala msifunge kamba. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, na aondolewe hapo mara moja kupelekwa hospitali. Katika mji mdogo wa Mikumi, ukishapita lango kuelekea Iringa, kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito.

Mpishi wa Safari, Arusha

Dada, suala la chakula ndilo kazi yangu, na katika kambi za hifadhi wasumbufu wakubwa ni nyani na tumbili kuliko simba. Nyani huchunguza, hujifunza, na hema lenye harufu ya ndizi atalichana bila kuhangaika na zipu. Kwa hiyo chakula kisilale ndani ya hema hata kidogo, wala biskuti ya mtoto chini ya mto. Kila kitu kiingie kwenye ndoo zenye vifuniko vinavyobana, na ndoo zifungiwe ndani ya gari, vioo vikiwa juu. Machungwa na matunda mengine yenye harufu kali ni afadhali myamalize njiani, kwa sababu tembo huyanusa kutoka mbali. Samaki wa kukaanga nao waacheni.

Pikeni sehemu kubwa ya chakula nyumbani. Chapati hukaa vizuri, nyama iliyochemshwa na kukaushwa kwa viungo huhitaji kupashwa tu, na mboga zioshwe na kukatwa kabla. Uji wa watoto pikeni jioni, mumimine kwenye chupa ya chai iliyotangulia kusuuzwa kwa maji ya moto, na saa 11 alfajiri utakuwa bado unatoa mvuke, hivyo watoto watakunywa ndani ya gari huku mkiwahi wanyama. Chukueni jiko dogo la gesi au mkaa mlioununua nje, maana kuokota kuni hifadhini hakuruhusiwi. Baada ya kula, vyombo vioshwe palepale, na mabaki yafungwe yaondoke nanyi. Msisahau kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo andaeni vikapu na vyombo vya kudumu.

Mama Tumaini

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Mume wangu amesoma maelezo ya Mwalimu Zuhura na amekubali kwamba yeye ndiye atakayemshika mtoto mkono kila jioni, nami nibaki na jiko. Mama naye amesema hataki kutengwa na wajukuu, kwa hiyo tutalala hema moja kubwa. Je, malipo tufanye kabla ya kuondoka au langoni?

Baba Neema, Morogoro

Fanyeni kabla, hasa kwa kambi, kwa sababu likizo ya Juni ina wageni wengi. Wasilianeni na hifadhi mpatiwe namba ya malipo, mlipe kwa benki au kwa simu, na msitegemee kulipa fedha taslimu langoni. Watu wazima wachukue vitambulisho vya NIDA ili mtozwe kiwango cha raia. Mdogo hatalipa kiingilio kwa kuwa hajafikisha miaka 5, na mkubwa atalipa kiwango cha watoto.

Kwa kuwa mama analala hemani, mchukulieni kitanda cha kukunja badala ya godoro la chini, ili asubuhi asipate shida ya kuinuka. Na ondokeni Dar es Salaam mapema, mfike kambini kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu kusimamisha hema kubwa kwa mara ya kwanza, watoto wakiwa na njaa na jua likielekea kuzama, ni kazi ambayo hamtaitaka. Lisimamisheni kwanza uani kwenu Jumamosi moja kabla ya safari, na watoto walale humo.