Turubai juu ya boriti wakati wa masika: likaguliwe vipi?

Mwenye nyumba, Mkomani
Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya mawe hapa Lamu imevuliwa sakafu ya juu ili boriti zilizooza zibadilishwe, lakini chokaa imechelewa na masika yameshaingia. Mafundi wametandaza turubai la plastiki, wakaligandamiza kwa mawe pembezoni, kisha wakaenda zao. Naomba kuelezwa nikague nini na wakati gani, kwani nachelea kugundua kasoro maji yakiwa yameshapita.

Fundi, Langoni
Wa alaykum salaam. Mawe hayo yaondolewe leo, kwa sababu upepo wa kusi ukiinua ukingo, jiwe huporomoka kichochoroni, na vichochoro vyetu havina pa kukimbilia. Turubai lifunge kwa kamba zinazopita katika pete zote za pembezoni mwake hadi kwenye mbao imara, na ulinyanyue katikati kwa mti ili maji yateremke nje ya ukuta badala ya kutuama. Kagua kila baada ya mvua kubwa na kila palipovuma usiku, ukianzia kwenye pembe, pete na mikunjo inayosuguana na mawe ya matumbawe ya ukuta, ambayo hukwaruza kama tupa. Katikati hutoboka mwisho. Plastiki iliyopauka na kupasuka inapokunjwa imeshaliwa na jua, kwa hiyo usihangaike na viraka.

Jirani, Shela
Kukagua juu pekee hakutoshi. Ingia chini na taa, uchome kwa kisu vichwa vya boriti vinavyozama ukutani, maana ndipo unyevu hukaa na kuoza huanza. Turubai lisibane ukuta: matumbawe hunywa maji na yanahitaji hewa ili yakauke. Acha upenyo upande wa kaskazini, usioelekea kusi, na siku ya jua lifunue kabisa ilimradi kuna mtu wa kulirudisha.

Mwenye nyumba, Mkomani
Ahsanteni. Je, mabati hayatakuwa salama zaidi hadi chokaa ipatikane?

Fundi, Langoni
Kwa wiki chache hayana faida: misumari yake itatoboa boriti mpya, na bati lililolegea likichukuliwa na upepo ni hatari kuliko turubai. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kubadilisha paa zungumza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Gharama hiyo itie kwenye turubai zito zaidi na kamba mpya.